Wageni wa Majini

Msomaji, ukitaka kujua ni viumbe wangapi waishio katika maji uyaonayo kuwa matupu, chota ndoo moja katika mto Isiukhu, hapa Kakamega, pamoja na majani ya mtoni, uyatie katika sanduku la kioo, kisha utulie. Mimi nilifanya hivyo zamani. Nilikusudia kufuga samaki wadogo sita na kaa mmoja, basi. Lakini wiki haikwisha ila nilimwona ruba amejibandika kiooni, na konokono wadogo kama punje za mtama wakipanda juu. Hakuna niliyemwalika. Wote walikuja juu ya majani, kama abiria wapandao gari bila nauli.

Kisha samaki wakaanza kutoweka. Siku ya tatu walibaki wanne. Nilimhukumu ruba mara moja, kwa kuwa sura yake ilinichukiza, nikamtupa juani. Usiku ule ule samaki mwingine akapotea. Nikachukua taa, nikakaa kimya mbele ya kioo, hata nikamwona mwenye hatia: mdudu wa rangi ya tope, mwenye miguu sita, aliyejificha majanini bila kutikisika. Mdomo wake wa chini ulikuwa umekunjwa chini ya kichwa. Samaki alipopita, ulifyatuka kama mkono ukamnasa. Alikuwa mtoto wa kereng'ende, yule tumpendaye akirukaruka juu ya maji! Nakiri kwamba ruba nilimdhulumu.

Kutotambua kwangu kulinipotezea samaki. Palikuwa na kutotambua kwingine, papa hapa, kulikohusu macho ya watu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Kakamega, Kaimosi na mabonde mengine ya Nyanza ya wakati ule yalikuwa na ugonjwa wa upofu uletwao na usubi. Usubi jike huuma ili anywe damu, na katika kuuma humwambukiza mtu minyoo ambayo watoto wake hutambaa ngozini hata machoni. Aumwaye miaka mingi huweza kupofuka. Ilijulikana kwamba usubi huzaliwa katika maji yaendayo kasi. Basi wataalamu wakapekua mawe na majani ya mitoni, mahali yanapopatikana mabuu ya usubi wa aina nyingine. Ya huyu hawakuyaona. Mwaka 1946 dawa ya DDT ilimwagwa katika mito ya bonde la Kodera, na usubi wakaisha, ingawa hakuna aliyejua mabuu yao yalikuwa yamejificha wapi. (Dawa ile haikuchagua adui na rafiki, lakini hayo ni maneno ya siku nyingine.)

Mwaka 1950 ndipo V. D. van Someren na J. P. McMahon walipotangaza jibu. Mabuu yalikuwa juu ya kaa wa mtoni, yamejishikiza mwilini mwake, yakisafiri naye kila aendako na kuchuja chakula katika maji yapitayo. Bila shaka wengi waliogeuza mawe walimwona kaa akikimbia, wakamwacha aende zake. Tangu hapo palikuwa na mahali pa kutazama: kaa wa mto wakikutwa safi, dawa imefanya kazi. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, usubi wa aina ile alikuwa ameondolewa katika mito hiyo, ya Kakamega ikiwamo.

Kwa hiyo ukimpata kaa, mtazame kabla hujamtia sandukuni, maana buu wa usubi hawezi kuishi katika maji yaliyotuama. Kesho utakuwa umechelewa. Anza na maungo ya miguu. Ukikuta kitu kimemshika, tazama kama kinatambaa au kimejibandika, na kama kimejibandika kwa kichwa au kwa mkia. Usikipe jina upesi.

Kaa wangu alikaa nami miezi miwili, kisha nikamrudisha Isiukhu. Siku zote hizo nilimtazama mgongo tu. Sikumgeuza hata mara moja.