Chara: Pondo Mkononi mwa Nani?

Jijini Nairobi, familia inayotafuta dereva wa kuaminika hukagua leseni yake na cheti cha tabia njema kutoka polisi. Je, ukifika Chara, katika delta ya Mto Tana, utakagua nini? Mafuriko yakija huku, gari halifui dafu. Dereva wako ni mwenye mtumbwi, na huenda asiwe na karatasi yoyote ya kukuonyesha.

Mto huu, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, hupita Garsen ukaingia baharini Kipini. Majini mna viboko na mamba. Basi, ndugu msomaji, waulize Wapokomo wa kijijini: ni nani huwavusha watoto wenu? Kisha mtazame mtu huyo akipakia. Mvushaji mwema huiacha nauli ya abiria wa ziada, wala haoni haya kukwambia ungoje.

Tusisahau Aprili 2024, mto ulipofurika hadi barabarani. Boti ilizama Kona Punda, karibu na Garissa, roho za watu zikapotea.

Nauli mwafikiane kabla ya kupanda, na mvuke mchana. Akikataa kukuvusha, mshukuru.