Programu Haikuwa na Kosa, Waya Ndio Ulikuwa na Kosa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni kwamba nilikuwa natafuta kosa mahali ambapo halikuwepo.

Mambo yalianza hivi. Mama hufuga kuku kijijini, nami nikamtengenezea mashine ya kutotolea vifaranga: sanduku la mbao, hita ya wati 200, kipimajoto, na kompyuta ndogo inayowasha na kuzima hita ili joto libaki nyuzi 37.5. Nilijisifu sana! Mama akaweka mayai 84. Siku ya 22 akanipigia simu: "Mwanangu, vimetoka vifaranga 9. Hiyo kompyuta yako uliifundisha nini?"

Sikuwa na jibu. Pesa za mayai yale zilikuwa za karo ya mdogo wangu.

Nilipitia programu mstari kwa mstari usiku mitatu. Hakuna kitu. Ndipo nikafungua faili la kumbukumbu ambalo mashine huandika kila dakika. Kila jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne, iliandika "hita imewashwa", na joto likazidi kushuka hadi nyuzi 34. Hita inawaka na sanduku linapoa!

Nilipanda gari kwenda nyumbani nikiwa na mita ya kupimia umeme. Mchana nilipata volti 236. Saa mbili usiku, taa zote za kijiji zikiwa zimewashwa na fundi wa kuchomelea vyuma akiwa kazini, nilipata 180. Dakika chache baadaye, kwa jirani anayekaa karibu na transfoma, nilipata 237. Sisi tuko kilomita moja hivi mbele, mwisho kabisa wa laini.

Volti 57 zilikwenda wapi? Zilibaki njiani. Kila waya una ukinzani, na mkondo ukipita humo sehemu ya nishati hugeuka joto na kupotelea hewani. Hesabu yake ni rahisi: mkondo mara mkondo, mara ukinzani. Kwa hiyo mkondo ukiongezeka mara 2, hasara inaongezeka mara 4.

Chukua mfano huu. Unataka kutuma wati 1,000,000 kwenye nyaya zenye ukinzani wa omu 10. Kwa volti 10,000 unahitaji ampea 100, na unapoteza wati 100,000, yaani asilimia 10. Kwa volti 100,000 unahitaji ampea 10 tu, na unapoteza wati 1,000. Nyaya ni zilezile, lakini hasara imepungua mara 100.

Ndiyo maana umeme wa upepo wa Loiyangalani unaweza kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, na ule ambao Kenya ilianza kununua kutoka Ethiopia mwaka 2022 hupita laini ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa volti 500,000. Umbali pekee si adui. Adui ni volti ndogo, mkondo mkubwa na waya mwembamba, na hivyo vyote vinakutana kule mwisho, kwenye nguzo za kijijini. Umeme wa jioni unaokuja kwetu hupoteza karibu robo yake katika kilomita moja ile!

Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, karibu asilimia 23 ya umeme ulioingia kwenye gridi ya Kenya haukulipiwa. Humo mna wizi na mita mbovu pia, si nyaya peke yake. Lakini sehemu ya hasara hiyo huruhusiwa kuingizwa katika bei, kwa hiyo sote tunailipa.

Turudi kwa mayai. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 180, nguvu ya hita haipungui kwa robo tu. Inabaki asilimia 56, kama wati 112. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuweka hita kubwa zaidi. Kisha nikafikiri: hita kubwa itavuta mkondo zaidi, volti zitashuka zaidi, na kila jirani akifanya hivyo tutazimiana taa.

Basi niliongeza maboksi na blanketi kuukuu kuzunguka sanduku, nikaweka ndani chupa za maji ili yahifadhi joto la mchana. Katika programu sikubadilisha hata mstari mmoja. Mayai 84 ya pili yalitoa vifaranga 61.

Majirani wameandika barua kuomba transfoma isogezwe karibu, na Mama ndiye wa kwanza kutia sahihi. Jibu bado halijaja. Mdogo wangu alirudi shule wiki mbili baada ya wenzake.

Nami nimejifunza kwamba programu ikisema "imewashwa", maana yake imetoa amri tu. Kama amri imefika, inabidi upime mwisho wa waya.