Mjomba na tairi la tatu

Leo naweka siasa pembeni.

Nina mjomba Texas anayeendesha Honda Gold Wing, yale mapikipiki ya safari ndefu ambayo ukiyaona unadhani mtu kaamua kutia injini kwenye sofa. Silinda sita, zaidi ya cc 1,800, na lake lina uzito wa takriban kilo 400. Likiwa kwenye mwendo ni raha tupu. Tatizo liko kwenye taa nyekundu: ukisimama, kilo zote hizo zinategemea miguu yako miwili, na goti la mjomba limeshafanyiwa upasuaji. Mkewe anataka pikipiki iuzwe. Yeye anataka iongezwe tairi la tatu. Mama akanipigia simu: "Wewe si mwandishi wa habari? Chunguza uniambie kama kaka yangu atakuwa salama."

Nikachunguza.

Marekani kuna karakana ambazo kazi yao ni hiyo tu. Wanavua tairi la nyuma pamoja na mkono unaolishika, wanaweka ekseli pana yenye matairi mawili ya aina ya gari, kisha wanafunika kwa bodi mpya yenye rangi ileile. Injini inabaki ilivyo. Biashara ilinoga mpaka Harley-Davidson nao wakaleta ya kwao, Tri Glide, katika matoleo ya 2009.

Hapa ndipo penye kisa. Wengi wanadhani kuongeza tairi ni kuongeza usalama, basi. Kumbe unapata chombo kingine kabisa!

Pikipiki ya matairi mawili ikishachanganya mwendo, ukitaka kwenda kulia unasukuma mbele mkono wa kulia wa usukani. Pikipiki inalala kulia na kukata kona. Waendeshaji wengi wanafanya hivyo bila hata kujua. Ya matairi matatu hailali. Ukisukuma mkono wa kulia, tairi la mbele linageukia kushoto, nawe unakwenda kushoto. Sasa mfikirie mtu mwenye mazoea ya miaka thelathini: anaingia kona ya kulia, mkono unasukuma wenyewe, chombo kinampeleka kushoto, upande yanakotokea malori (kule wanapita kulia).

Yapo na mengine. Kwenye kona mwili unasukumwa nje, kwa hiyo mikono na mabega vinafanya kazi. Usukani nao ni mzito, na ndiyo maana mafundi wengi hubadilisha pembe ya uma wa mbele ili uwe mwepesi. Breki inatakiwa kabla ya kona, kwa sababu ukifunga breki ndani ya kona uzito unakimbilia mbele, ambako kuna tairi moja tu, na chombo kinaweza kuinuka upande. Can-Am Spyder, iliyotoka 2007, iliweka matairi mawili mbele na moja nyuma. Na la mwisho: ukisimama usishushe mguu. Tairi la nyuma linaweza kuukanyaga.

Dereva wa bajaji wa Dar aliyeanzia bodaboda angeweza kumfundisha mjomba nusu ya haya. Ameshajifunza kwamba bajaji haibembelezwi kwa kulalia kona. Inapunguzwa mwendo kwanza.

Nimemwambia mama hivi: goti litapona mzigo, lakini mazoea yake ndiyo hatari mpya. Afungiwe tairi la tatu, ila wiki za mwanzo azungukie uwanja mtupu wa kuegesha magari, polepole, mpaka mikono isahau ilichojua. Mjomba anasema hawezi kurudi shule ya pikipiki kwa umri wake. Mimi nasema bila shule hiyo, mkewe yuko sahihi: auze.

Nyie mnasemaje?