ILULA: HAPA LANDROVA HUONA CHA MTEMA KUNI!

Ilula wengi tunaijua kwa dirishani tu. Basi likishamaliza Kitonga, injini inapumua, unaona matenga ya nyanya yamejipanga kando ya lami, halafu kama kilomita 45 hivi uko Iringa mjini. Safari hii nilishuka, nikaiacha lami.

Wakenya wana mchezo unaitwa Rhino Charge, walianza 1989. Magari ya foo wili hutupwa porini kusiko na barabara, yanapewa muda wa saa 10 kupitia vituo 13, na mshindi si aliyewahi, ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Yaani ukikuta korongo hulikwepi, unatumbukia nalo! Michango yake ilisaidia kujenga uzio wa Aberdare, uliokamilika 2009. Starehe ya wenye nazo, jioni bia baridi.

Ilula mchezo huo upo, ila hauna kombe.

Usiku mvua ilinyesha. Landrova 109, mkweche hasa, ilikuwa inafuata nyanya bondeni. "Kamwene," dereva akanisalimu, akatazama raba zangu nyeupe. "Kaka, na viatu hivyo?" Nikajifanya sikusikia.

Kushuka, poa. Kurudi na mzigo ndiyo ikawa kasheshe. Kwenye korongo tairi moja ya nyuma ikabaki hewani, gari likagoma. Difu ina kituko kimoja: nguvu yote inampa anayeelea, aliyekanyaga ardhi anaachwa mikono mitupu. (Nawajua mabosi wa namna hiyo.) Utingo akaruka na mawe, akajaza chini ya tairi. Gia nzito, mafuta kidogo kidogo. Wapi! Linaserereka tu.

Mama mwenye nyanya alisimama pembeni, kimya, kakunja mikono ndani ya kanga. Mbolea alikopa. Nyanya zimeiva zote, na lori la Dar linaondoka jioni.

"Shusheni nusu," akasema hatimaye.

Tukashusha, tukabeba kichwani, mimi na raba zangu. Mkweche ukanguruma, ukapanda.

Lori tulilikuta. Dalali akatazama saa, akashusha bei palepale. Nilitaka kumfokea, mama akanishika mkono. "Acha, mwanangu." Akapokea, akahesabu mara mbili, akamlipa dereva kwanza.

Mimi akanipa nyanya tano nimpelekee mke. Sina mke, lakini nilizipokea.