Taa Ndogo ya Dashibodi na Kiti cha Heshima



Juma hili twawaalika tutafakari pamoja juu ya kitu ambacho wengi wetu hukiona kila asubuhi bila kukijali. Ni taa ndogo ya dashibodi yenye picha ya mtu aliyekaa, na mbele ya kifua chake pana duara. Katika magari mengine haina picha, bali herufi tatu tu: SRS. Hiyo ndiyo taa ya mifuko ya hewa, ile iliyokunjwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi upande wa abiria, ili gari linapogonga ifumuke na kumpokea mtu.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu magari mengi yanayowapeleka wagonjwa wetu hospitalini na watoto wetu shuleni yamekwisha kutumika kwingine, hasa Japani, kabla ya kutufikia. Yanafika yakiwa na miaka 8, 10, hata 15, nasi twayatumia miaka mingine 10 bila kuona ajabu. Hapana aibu katika hilo. Mwenye kidogo hununua kwa kidogo chake. Lakini gari lenye umri lina historia, na sehemu ya historia hiyo imefichwa mahali tusipopaona.

Yafaa kwanza tujue jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Sehemu ya mbele ya gari kuna vihisio vinavyotambua mgongano. Katikati ya gari, mara nyingi karibu na gia, kuna kompyuta ndogo inayopokea habari hizo na kuamua. Ikiamua kwamba mgongano ni mkubwa, inapeleka umeme kwenye kopo dogo la chuma lililo nyuma ya mfuko. Ndani ya kopo mna baruti. Inawaka, inatoa gesi, na mfuko unajaa kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Kisha unanywea wenyewe kupitia matundu yake. Mfuko hutumika mara moja tu. Ukishafumuka hauna kazi tena, hauna budi kubadilishwa. Tena umetengenezwa kuusaidia mkanda, wala si kuchukua nafasi yake. Asiyefunga mkanda hurushwa mbele na kukutana na mfuko ungali ukifumuka kwa nguvu, na hapo msaada waweza kugeuka jeraha.

Unapowasha gari, taa ile yapaswa kuwaka kwa sekunde chache, kisha izimike. Maana yake kompyuta imejikagua na kuridhika. Ikibaki inawaka, au ikiwaka njiani, kompyuta inasema: nimeona kasoro, msinitegemee. Katika magari mengi mfumo hujizuia wote au sehemu yake mpaka kasoro iondolewe. Gari litatembea vizuri, litapanda mlima, litapiga breki; ndiyo maana tunalizoea tangazo hilo kama tunavyoizoea saa ya ukutani iliyosimama.

Kasoro zenyewe mara nyingi si za ajabu. Iliyo ya kawaida sana iko chini ya viti vya mbele. Hapo pana soketi, aghalabu za rangi ya manjano, zinazounganisha mikanda na mifuko ya pembeni. Kiti kikisukumwa mbele na nyuma kila siku, chupa ikiviringika chini yake, maji ya kuoshea gari yakiingia, soketi hulegea au hushika kutu. Nyingine iko ndani ya usukani. Kwa kuwa usukani huzunguka, umeme haupiti kwa waya wa kawaida, bali kwa utepe wa waya uliokunjwa mviringo kama spring ya saa. Baada ya miaka mingi utepe huo hukatika. Dalili yake mara nyingi ni kwamba siku hizo hizo honi nayo inakataa kulia. Tena betri iliyodhoofika yaweza kuiwasha taa. Vivyo hivyo kifungio cha mkanda kilichojaa vumbi, au vihisio vya gari lililowahi kuzama katika mafuriko. Mwisho kuna kompyuta yenyewe: gari lililokwisha kupata ajali kubwa huweza kubaki na kumbukumbu ya ajali hiyo, na taa haitazimika mpaka kompyuta ibadilishwe au ifanyiwe marekebisho na mtaalamu.

Fundi mwenye mashine ya kupimia huisoma kasoro kwa dakika chache. Habahatishi, wala hachomi waya kwa taa ya majaribio, kwa maana umeme mdogo tu waweza kuufumua mfuko usoni pake. Kwanza huondoa waya wa hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa kama kitabu cha gari kinavyoagiza, kwa sababu kompyuta huhifadhi umeme kiasi hata betri ikiwa imetolewa.

Hadi hapa tumesema juu ya taa inayowaka. Sasa tuseme juu ya taa isiyowaka kabisa, maana hilo ndilo lililotufika sisi.

Gari la parokia yetu lilinunuliwa likiwa limetumika. Lilitembea vigango vyote, likabeba saruji, wanakwaya, wajawazito wakati wa masika na marehemu wakati wa huzuni. Taa ya mifuko ya hewa haikutusumbua hata siku moja. Tulipoamua kuliuza ili tupate pesa za bati za kigango kimoja, tuliliita fundi wa umeme alikague kwanza. Fundi huyo, kijana mtulivu, aliwasha swichi mara tatu, akatutazama, akauliza: “Mmeona kwamba taa haiwaki hata mwanzoni?” Akafungua dashibodi. Waya wa taa ile ulikuwa umeunganishwa na taa nyingine ili zizimike pamoja. Akaendelea kufungua upande wa abiria. Kile kifuniko chenye herufi SRS kilikuwa kimegundishwa kwa gundi kwa ustadi mkubwa, na nyuma yake hamkuwa na kitu. Mfuko ulikuwa umefumuka katika ajali fulani, nchi fulani, mwaka tusioujua, na mtu akaona ni rahisi kuziba tundu kuliko kurudisha mfuko.

Tulikaa kimya kwa muda. Kila mmoja wetu alikuwa anawakumbuka waliowahi kukaa katika kiti kile.

Halafu likaja swali la pili, nalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Tuliporudi katika kikao, mmoja wetu, mtu mwema anayeipenda parokia, alisema: “Sisi tuliuziwa hivyo, nasi tuuze hivyo hivyo. Mnunuzi hatauliza.” Hakusema kwa ubaya. Bati zilikuwa zinahitajika, na watu wa kigango walikuwa wamesali msimu mzima wa mvua chini ya turubai. Lakini mzee mwingine akajibu polepole: “Aliyetuuzia naye alikuwa na bati zake.” Baada ya neno hilo hatukuhitaji kupiga kura. Hali ya gari iliandikwa katika hati ya mauzo, kifungu kwa kifungu, na mnunuzi akaonyeshwa tundu kwa macho yake. Bei ilishuka sana. Bati zilichelewa miezi saba. Hatusemi hayo ili tusifiwe. Twasema ili ijulikane kwamba ukweli una gharama, na kwamba mara nyingi gharama hiyo hulipwa na watu wanaonyeshewa mvua.

Kuna hatari ya tatu, ambayo hata taa nzima na yenye kusema kweli haiwezi kuitangaza. Wengi mmesikia jina Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza makopo ya gesi kwa makampuni mengi ya magari. Kuanzia miaka ya 2000 hivi, kampuni hiyo ilitumia kemikali iitwayo nitrati ya amonia. Kemikali hiyo, isipolindwa na unyevu, huharibika polepole kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, na badala ya kuujaza mfuko tu, kopo lenyewe hupasuka na kurusha vipande vya chuma kuelekea kwa mtu. Magari ya kwanza yaliitwa kurudishwa na Honda mwaka 2008. Leo nchini Marekani pekee hesabu ya makopo yaliyoagizwa kuondolewa ni takriban milioni 67, na vifo vilivyothibitishwa nchini humo vimezidi 20. Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu, nayo imewapoteza watu wake. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa mahakamani Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na mwaka huo huo ikafilisika.

Kopo la namna hiyo haliwashi taa. Kwa macho ya kompyuta kila kitu ni kizima, kwa kuwa waya zote zinafika. Kinachohitajika ni kuuliza. Kila gari lina namba ya chasisi, nayo imeandikwa katika kadi ya gari. Makampuni ya magari yana kurasa katika mtandao ambamo namba hiyo huingizwa, na jibu hutolewa kama gari limeitwa kurudishwa ama la. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi kuliko yale ya Marekani na Ulaya, kwa hiyo yafaa kutafuta ukurasa wa Japani au kumwendea wakala wa kampuni husika. Walio Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wasichelewe, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani ndiyo mambo yanayoiharibu kemikali ile.

Sasa turudi kwenye kiti. Katika desturi yetu kiti cha mbele ni kiti cha heshima. Akiwapo mgeni, hukaa mbele. Akiwapo mzee, vijana hushuka. Na akiwapo mama aliyetoka kujifungua, sote twasema kwa sauti moja: “Mama na mtoto wakae mbele, wasibanwe.” Ni desturi nzuri, imetoka katika moyo mwema. Lakini mtoto aliyepakatwa mbele ya mfuko wa hewa yuko mahali pa hatari kuliko pote garini. Mfuko ulitengenezwa kwa kifua cha mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali kidogo, yapata sentimita 25 au zaidi. Kwa kichwa cha mtoto ni pigo. Vivyo hivyo kiti cha kitoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi. Basi tuigeuze heshima yetu: mama na mtoto wakae nyuma, tena wapewe nafasi ya kutosha, na sisi wengine ndio tubanane.

Kuna na jambo dogo linalotuhusu sisi waamini. Wengi hutuletea magari yabarikiwe, na ndani twakuta sanamu ndogo ya Mama Maria au ya Mtakatifu Kristofa imegundishwa juu ya kifuniko cha mfuko wa abiria. Mfuko ukifumuka, sanamu hiyo itarushwa kwa nguvu ile ile kuelekea kwa abiria. Twaomba iwekwe mahali pengine. Baraka haipungui ikisogezwa.

Kwa kumalizia, twawawekea mambo machache ya kufanya:

1. Kesho asubuhi, washa swichi na uitazame taa. Iwake, kisha izimike. Isipowaka kabisa, shuku kuliko ikibaki inawaka.

2. Ikibaki inawaka, mwendee fundi mwenye mashine ya kupimia, umwambie pia kama honi hailii, kama betri ilikufa karibuni, au kama kiti kiliwahi kutolewa.

3. Ukiambiwa, “Nitakuzimia taa,” uliza: utaondoa kasoro, au utaondoa tangazo? Kuna wanaofunga rezista mahali pa mfuko ili kompyuta idanganyike. Taa huzimika, na kiti hubaki bila ulinzi.

4. Usinunue mfuko usiojulikana ulikotoka. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilionya juu ya mifuko ya bandia iliyofanana kabisa na ya kweli.

5. Iangalie namba ya chasisi kama imo katika magari yaliyoitwa kurudishwa.

6. Funga mkanda, wa mbele na wa nyuma. Gari lisilo na mfuko wowote bado laweza kukulinda kwa mkanda. Mfuko bila mkanda ni nusu ya neno.

7. Ukiuza gari, sema lililomo na lisilomo.

Hilo la mwisho halihitaji mashine ya kupimia. Yule atakayekaa katika kiti tulichokiuza hatutamwona, wala hatutalijua jina lake, wala yeye hatajua kwamba tuliwahi kukaa chumbani tukijadili bei. Hata hivyo ni jirani yetu, na anaketi pale akiamini kwamba kilichoandikwa juu ya kifuniko ndicho kilichomo ndani.