Vyombo vya Bafuni Vikiwekwa Uani

Watu wengi wa pwani hupenda kujenga mahali pa kuogea uani, ili mtu atokaye baharini aoshe chumvi na mchanga kabla ya kuingia nyumbani. Jambo hili ni jema, nami nalipenda sana. Lakini nimeona mara nyingi mwenye nyumba akinunua bilula, bomba la mvua na taa zilizotengenezwa kwa bafu la ndani, akazifunga nje, akidhani ya kuwa chombo kilichozoea maji hakiwezi kudhurika na maji.

Tazameni bilula ya bafuni. Yang'aa kama fedha, lakini mng'ao ule ni ngozi tu. Ndani ni shaba ya manjano, au zinki katika zile za bei rahisi, na juu yake imepakwa kromi, nyembamba kuliko karatasi. Nje, upepo wa bahari huleta chumvi, nayo hupenya katika vijitundu visivyoonekana kwa macho, ikala madini yaliyo chini, hata kromi ikabanduka kama magamba. Jua nalo huifanya plastiki kuwa kavu, ikapasuka.

Hiyo ni hasara ya fedha, nayo yavumilika. Umeme ni habari nyingine.

Ubavuni mwa taa kuna herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza yahusu vumbi, ya pili maji. Penye 20 hapana kinga ya maji hata kidogo. Penye 44 taa hustahimili matone yarukayo kutoka kila upande. Penye 65 vumbi haliingii, wala maji yapigwayo kwa mpira hayaidhuru. Lakini tarakimu hizo hazisemi neno juu ya chumvi wala jua. Wauzaji wengi husahau kutuambia hayo.

Shemeji yangu, akaaye Tanga, alifunga uani bomba la mvua lichemshalo maji kwa umeme, lililofanywa kwa kuwekwa ndani. Masika yakapita. Siku moja nilikuwa nimeketi barazani, mwanawe akaja mbio akasema, “Mjomba, maji yaniuma mkono!”

Nikamwita baba yake, nikamwambia, “Shemeji, zima kwanza swichi kubwa ya nyumba. Bomba usiliguse.”

Maana mtu aliyelowa, asiye na viatu, juu ya saruji yenye maji, ni njia nyepesi ya umeme kwenda ardhini. Misuli ya mkono hukazwa, na aliyeshika hawezi kuachia. Kwa sababu hiyo mafundi hufunga kifaa kikatacho umeme mara uvujapo kiasi cha sehemu 30 katika elfu moja ya ampea. Nyumba ile haikuwa nacho.

Fundi alipofungua bomba alikuta maji ndani, sisimizi waliokufa, na waya wa ardhi haukufungwa po pote. Akaliondoa, akaweka bilula nene ya shaba isiyopakwa kitu, na bomba la mvua la chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316, ambacho hushindana na chumvi kuliko kile cha 304. Maji yake ni ya baridi tu.

Mtoto yule angali akioga kwa kata na ndoo.