Mama, Pikipiki Imelala

Mume wangu alisema tuiuze. Tulikuwa tunahama Birmingham kwenda Glasgow, nikaanze kazi kwenye wodi mpya, na kwa hesabu zake pikipiki ya cc 125 haikustahili gharama ya kukodi trela. Nilikataa. Pikipiki nilijifunzia Kilosa, nikiwa muuguzi wa zahanati, tukienda huduma ya mkoba na boksi la chanjo limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Hii ya Uingereza niliinunua kwa pesa za zamu za usiku, huku nasomea digrii.

Basi niliifunga mwenyewe. Niliiegemeza kwenye stendi yake ya pembeni, nikapitisha mikanda minne juu ya usukani na kiti, nikakaza mpaka vidole vikauma. Nikaitikisa. Kimya. Nikajisifu.

Anayevuta trela hapa haruhusiwi kuzidi maili 60 kwa saa kwenye motawei, kwa hiyo tulipanda M6 polepole, malori yakitupita. Ukishaiacha Lancaster, milima inakusogelea: kondoo, kuta za mawe, na upepo unaolisukuma gari ubavuni. Mbele kuna Shap, ambako barabara inafika zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari. Kabla hatujafika huko, binti yetu akageuka nyuma. "Mama, pikipiki imelala."

Haikuwa imelala, ila ilikuwa imeinama vibaya, na nyuma yetu kulikuwa na basi la abiria. Mume wangu hakusema neno. Afadhali angesema.

Kwenye kituo cha mapumziko cha Tebay alitujia mzee mmoja mwenye trela kama yetu. Hakucheka. Alinieleza kwamba mpira wa tyubu hujivuta wenyewe mzigo ukiruka, lakini mkanda haunyumbuki. Shokapu zikibonyea kidogo tu, umelegea. Kwa hiyo unazibonyeza kabla ya safari. Akakunja stendi, akaisimamisha wima, gurudumu la mbele likagota kwenye kizuizi. Usukani hakuugusa. Mikanda ya mbele aliipitisha kwenye chuma kinachoshika shokapu, kwa vitanzi vya kitambaa visikwaruze, akaivuta chini na mbele, kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka shokapu zikashuka kama nusu. Zikishuka mpaka mwisho, sili za mafuta zinaweza kuharibika. Miwili ya nyuma akaivuta chini na nyuma, akaingiza gia, akafunga ncha zilizokuwa zinapeperuka.

"Baada ya maili kumi, simama ukague," akasema. Hilo halikuhitaji kurudiwa kwa muuguzi. Hata bandeji hufungi ukaenda zako. Unarudi kuangalia vidole.

Tuliposimama tena, mkanda mmoja wa nyuma ulikuwa umelegea. Mume wangu ndiye aliyeshuka kuukaza, kwenye mvua, bila kuombwa. Binti alikataa kusinzia mpaka Glasgow. Alisema yeye ndiye mlinzi.